Mche wa pilipili umekataa ndani ya nyumba: dalili, sababu na la kufanya

Mtu akikuletea mche wa pilipili ulionyong'onyea, neno lake la kwanza ni "nitie nini?" Anataka kutia mbolea, kutia dawa, kutia maji. Mimi nimeotesha pilipili ndani ya nyumba miaka mingi, hapa hapa mjini Unguja, kwanza katika chumba cha Mji Mkongwe na sasa kwenye ghorofa ya Michenzani, na niliyoyaona ni kinyume chake. Miche mingi inayokufa majumbani mwetu imekufa kwa kutiwa. Maji yalizidi, au chumvi, au chokaa. Kinachopungua kweli huwa kimoja, nacho hakiuzwi sokoni Darajani: mwanga. Kwa hivyo hapa tutaangalia dalili, tutafute kilichozidi, tukiondoe, na kuongeza kitu kuje mwisho.

Nikisema pilipili nakusudia pilipili hoho, pilipili mbuzi na pilipili kichaa. Pilipili boga (ile kubwa isiyowasha, ambayo bara huiita hoho) na tungule, yaani nyanya, huugua karibu maradhi yale yale, na pale zinapotofautiana nitasema.

Mbegu imezikwa na haitoki

Kabla ya lolote, hesabu siku. Hoho na boga hutoka baina ya siku 7 na 14 joto likiwa zuri. Mbuzi na kichaa ni wavivu, wiki mbili hadi nne ni kawaida yao. Nimeona watu wanamwaga udongo siku ya kumi na mbili, na ukiupekua unakuta kijimzizi cheupe kimeshachungulia. Inasikitisha sana kukiona.

Joto linalopendwa na mbegu hizi ni nyuzi 25 hadi 30. Wakati wa kaskazi hilo halikushughulishi, nyumba yote ni joto. Kazi iko kipupwe, Juni mpaka Agosti, usiku unapopoa na kusi inapuliza dirishani, au katika chumba chenye kiyoyozi. Weka chombo juu ya friji, upande wa nyuma ambako pana uvuguvugu. Mbegu haihitaji mwanga mpaka itokeze kichwa, kwa hivyo kukaa pale juu hakuidhuru.

Joto likiwa sawa na bado kimya, fukua mbegu moja uitazame. Ikiwa laini na inanuka, imezama: udongo ulikuwa uji. Ikiwa ngumu na kavu kama ulivyoitia, haikupata maji ya kutosha, au umeizika chini mno. Nusu sentimita hadi sentimita moja inatosha. Usipoikuta kabisa, mtuhumu chungu. Wanazibeba usiku moja moja mpaka wanamaliza. Dawa yake ni ile ya wazee wetu ya kabati la chakula: simamisha chombo juu ya kikopo kilichogeuzwa, ndani ya sahani ya maji, chungu asipate daraja.

Huenda pia mbegu yenyewe ndiyo mbovu, hasa ikiwa umeitoa kwenye pilipili ya sokoni. Pilipili iliyochumwa kijani mbegu yake haijakomaa, tafuta iliyoiva ikawa nyekundu au manjano kabisa. Na usianike mbegu juu ya bati saa sita mchana. Bati la hapa linaunguza kiganja, na mbegu inaungua vile vile, ila kwa macho huioni. Ianike kivulini penye upepo, juu ya karatasi, siku saba hivi, kisha itie katika chupa yenye kifuniko cha kukaza pamoja na mchele mkavu uliokaangwa bila mafuta ukapoa. Mchele unanyonya unyevu. Hewa ya visiwani ina maji, na mbegu iliyoachwa kwenye bahasha juu ya kabati hupoteza nguvu upesi kuliko ile ya bara kwenye baridi.

Ukitaka kujua hali ya mbegu zako bila kubahatisha, chukua kumi, zilaze kwenye kitambaa kilichokamuliwa, funga ndani ya mfuko wa plastiki, weka juu ya friji. Zikiota nane, panda kwa raha. Zikiota tatu, panda nyingi kwa kila shimo. Isipoota hata moja baada ya wiki nne, tafuta nyengine.

Mche umetoka na kofia kichwani

Ganda la mbegu limeng'ang'ania majani mawili ya kwanza na mche unashindwa kuyafungua. Chanzo ni kuzika juujuu, au udongo wa juu kukauka wakati mche unajisukuma. Dondoshea tone la maji juu ya kofia asubuhi na jioni, funika na bilauri, ngoja siku moja au mbili. Usiivute kwa kucha. Kikonyo cha mche wa siku mbili kinakatika kwa kuguswa tu.

Mche mrefu, mwembamba, umelalia dirishani

Hapa ndipo nyumba zetu zinapoua miche mingi zaidi, na mwenye mche hajui kwa sababu jicho linamdanganya. Ukiingia chumbani mchana unaona kila kitu vizuri, unasema pana mwanga. Jicho limejifungua tu. Kwa luksi, kipimo cha mwanga, jua la saa sita linafika 100,000. Kivulini nje, mchana mweupe, ni luksi 10,000 au zaidi. Katikati ya chumba chenye dirisha moja huenda ni luksi 200. Kwa mche, chumba hicho ni magharibi isiyokwisha, na unafanya ambalo mmea wowote hufanya gizani: unarefuka kulitafuta jua, unatumia akiba yake yote kwenye shina, na majani yanabaki madogo ya kijani cha maji.

Nyumba za Mji Mkongwe zina shida yake maalumu. Kuta za mawe na chokaa ni nene, pengine zaidi ya nusu mita, na dirisha limezama ndani yake. Zinazuia jua lisiingie, na kazi hiyo zinaifanya vizuri sana. Tena mtaa ni mwembamba na nyumba ya jirani inaziba mbingu. Michenzani tuna mwanga zaidi, hasa ghorofa za juu, lakini upande mmoja tu wa nyumba.

Pima kwa mkono. Saa sita mchana nyoosha kiganja juu ya pale unapoweka chombo, kama shubiri moja na nusu. Kivuli kikiwa na kingo kali na vidole vinahesabika, mwanga upo. Ikiwa ni wingu la kijivu lisilo vidole, mche utarefuka. Usipoona kivuli chochote, usipande hapo.

Dirisha gani? La mashariki linafaa mwaka mzima, linapata jua la asubuhi lisilounguza. Madirisha ya kaskazini na kusini yanabadilishana. Unguja iko kama nyuzi sita kusini ya ikweta, kwa hivyo mwezi wa Juni jua liko kaskazini yetu, na mwezi wa Disemba liko kusini. Maana yake, inapovuma kusi jua linaingia dirisha la kaskazini, na inapovuma kaskazi jua linaingia dirisha la kusini. Upepo upande huu, jua upande ule. Mche uliofanya vizuri Julai dirishani kwako unaweza ukaanza kurefuka Novemba na wewe hujagusa kitu. Hauumwi. Jua limehama, nawe uhamishe chombo.

Asiye na dirisha lenye kivuli kikali atumie taa. Si lazima taa ya gharama. Globu nyeupe ya LED ya wati 9 au 10, ile yenye weupe wa mchana na si ya manjano, ikitundikwa sentimita 10 hadi 15 juu ya miche, inatosha miche minne mitano mpaka ifikie kuhamishwa. Iwashe saa kumi na mbili asubuhi, izime saa tatu usiku. Watu wengi hukosea hapa kwa kuacha globu darini, mita mbili juu, wakasema wametumia taa na haikufaa. Mwanga unapungua haraka sana kwa umbali. Ipandishe kidogo kidogo kadiri mche unavyokua. Zungushia karatasi nyeupe au ile ya fedha ya kufungia chakula, mwanga usipotee ukutani.

Lakini usitegemee taa peke yake. Tuliokuwepo Unguja tunakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu bila umeme wa gridi, waya wa baharini umeharibika. Miche yangu yote ya taa ilikwenda wiki ya kwanza. Tangu hapo taa kwangu ni msaidizi, dirisha ndilo baba.

Mche uliokwisha kurefuka unaweza kuokolewa. Tungule uzike shina mpaka karibu na majani, utatoa mizizi ubavuni. Pilipili haina uhodari huo, shina lake likizikwa sana kwenye unyevu huoza. Uegemeze kwa kijiti cha ufagio wa chelewa, usogeze kwenye mwanga, na kila siku uupitishie kiganja taratibu kama unayempapasa paka. Mtikisiko mdogo unakaza shina. Pangaboi ikizunguka polepole inafanya kazi hiyo hiyo, na inakausha unyevu juu ya udongo, jambo ambalo tutalihitaji sasa hivi.

Na usipandwe na hamasa ukautoa mche wa ndani ukauweka juani siku nzima. Majani yatapauka mabaka meupe kama karatasi, na mabaka hayo hayarudi kijani. Nusu saa ya jua la asubuhi siku ya kwanza, saa nzima siku ya pili, hivyo hivyo kwa siku kumi.

Jana ulisimama, leo umekatika shingoni

Umelala, mizizi ipo, majani bado ya kijani, lakini pale shina linapogusa udongo pamebanwa kama pamefungwa uzi, pana rangi ya kahawia au maji. Hiki ni kinyausi. Ni ukungu wa udongoni, na ukiingia kwenye chano ya miche hupita na safu nzima kwa siku tatu. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, nguo zenyewe hazikauki ndani, basi ndiyo karamu yake.

Uliokwisha kukatika hauponi, utoe pamoja na udongo unaouzunguka. Kwa iliyobaki, acha kumwagilia juu. Weka chombo ndani ya sahani ya maji kwa dakika kumi, udongo unywe kutoka chini, kisha ondoa sahani. Ikiwa ulifunika chombo kwa plastiki, ifunue. Punguza miche iliyobanana, na washa pangaboi. Wengi hunyunyiza mdalasini wa unga juu ya udongo, na mimi hunyunyiza pia, lakini mdalasini juu ya udongo uliolowa chapachapa ni kazi bure.

Mara nyengine, kabla ya kupanda, umiminie udongo maji yaliyochemka katika kopo lenye matundu, uache upoe na uchuje maji usiku kucha. Samadi mbichi isikaribie mbegu. Samadi iwe imeoza mpaka haina harufu na huoni tena nyasi ndani yake.

Ncha za majani zimeungua, au majani machanga yamekuwa manjano na mishipa ya kijani

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hili ni letu watu wa kisiwa cha mawe, na mwongozo wa kilimo uliotoka pengine haukuambii.

Mwaka niliohamia Michenzani nilipata mfuko mzima wa makumbi, yaani nyuzi za maganda ya nazi, kutoka pwani ya Jambiani, laini, yameshachambuka, mazuri kuyatazama. Nikasema hii ndiyo bahati, maana makumbi yanashika maji na hewa pamoja. Nikachanganya na mchanga mweupe. Miche kumi na mbili ya pilipili mbuzi. Wiki ya pili kingo za majani zikaanza kukunjika na kuwa kahawia, kavu, kama zimepitishiwa kibiriti. Nikaongeza maji. Ikazidi. Nikatia mbolea. Ikazidi tena.

Ghorofa ya chini yangu alikuwa akikaa mtu mzima tuliyemwita sote Bi Mkubwa, mpiga makumbi tangu usichana wake. Asubuhi moja alipanda kuniletea mkate wa kumimina.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Na hivi vitoto vyako vina nini?"

"Sijui, Bi Mkubwa. Navipa kila kitu."

Akainama, akachota makumbi kwa ncha ya kidole, akayatia ulimini. Hakufikiri hata kidogo, akatema kwenye kiganja.

"Chumvi. Haya yametoka shimoni pwani. Ya kusokotea kamba haya, si ya kupandia. Hata hukuyaosha?"

Sikuyaosha. Makumbi ya kamba hufukiwa ufukweni, maji yakiingia na kutoka juu yake kwa miezi, mpaka nyama yake ioze na usumba ubaki. Kila kijiuzi kimelewa maji ya bahari. Chumvi udongoni inauzuia mzizi usinywe maji hata kama yapo tele, na ile inayoingia inasukumwa hadi mwisho wa jani, ndiyo maana ncha na kingo huungua mwanzo. Kuongeza mbolea ni kuongeza chumvi juu ya chumvi.

Aliponitoka nikamwagia tone la siki kwenye ule mchanga mweupe. Ulitoa povu, ukachemka kwa sauti ndogo kama soda. Mchanga wa pwani zetu si jiwe tupu, ni makombe na matumbawe yaliyosagika, chokaa mtupu. Hapo nikaelewa kwa nini miche ile ile, juu ya kuungua kingo, majani yake machanga yalikuwa manjano na mishipa imebaki kijani kama ramani. Chokaa inaupunguzia udongo ukali na kuusukuma upande wa magadi, na huko madini ya chuma yanafungika. Yamo udongoni, mzizi hauwezi kuyachukua. Kwa kipimo cha pH, ambacho chini ya 7 ni ukali na juu yake ni magadi, pilipili inapenda 6 hadi 6.8. Udongo wenye matumbawe hukaa karibu na 8.

Majaribio hayo mawili, ulimi na siki, ndiyo naomba kila mtu ayafanye kabla hajapanda. Udongo mkavu kijiko kimoja kwenye kisosi, siki matone matano, sogeza sikio. Ukichemka, usiutumie. Usiokote udongo chini ya ukuta wa zamani, na usiweke chombo chini ya dirisha ambalo plasta yake inapukutika. Kila kipande cha chokaa kinachoanguka ndani kinayeyuka taratibu kila unapomwagilia. Makumbi yaroweke kwenye ndoo ya maji baridi, yakamue, mwaga, rudia mara nne au tano kwa siku mbili tatu, na uonje maji ya mwisho. Mchanga chukua wa ndani ya kisiwa, si wa ufukweni.

Maji nayo. Maji ya Unguja mengi yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na visima vilivyo karibu na pwani vina chumvi. Tazama birika lako. Likiota ganda jeupe ndani, udongo wako unaota lile lile, na utaliona kama unga mweupe juu ya udongo au kwenye matundu ya chombo. Maji ya mvua ndiyo bora kuliko yote, na masika Mungu anayamwaga bure. Ndoo mbili tatu zenye vifuniko zinakuvusha siku nyingi, ila zifunike barabara, mbu wasizalie. Maji ya kuoshea mchele hayana neno. Maji ya kuoshea samaki na vyombo, hapana.

Mche ambao umeshapata chumvi, uoshe udongo wake. Chombo cha lita tatu kimiminie lita sita hadi tisa za maji ya mvua, polepole, yakitokea chini na kwenda zake. Usiache sahani chini ikusanye, mche utayanywa tena. Kisha usimwagilie mpaka udongo ukauke juu, na usitie mbolea wiki tatu. Majani yaliyoungua hayaponi, angalia yanayochipua. Kwa chokaa kuosha hakusaidii sana, kwa sababu iko ndani ya mchanga wenyewe. Hamisha mche kwenye udongo mwengine, mizizi ukiikung'uta taratibu.

Mchanganyiko ninaotumia sasa: udongo mwekundu wa shamba makopo mawili, samadi ya ng'ombe iliyooza kopo moja, makumbi yaliyooshwa kopo moja. Mwenye jamaa Pemba amwombe kiroba cha udongo wa shamba la mikarafuu. Umekaa chini ya majani yaliyooza miaka na miaka, na mimi sijapata kuuona ukichemka kwa siki.

Umanjano mwengine

Umanjano uko jani gani? Hilo ndilo swali. Majani ya juu, machanga, mishipa ya kijani: tumeshasema, chuma na chokaa. Majani ya chini, ya zamani, yanapauka jani zima sawasawa na kuanguka, na mche umedumaa: naitrojeni imepungua, mche unaitoa kwa wazee na kuwapa watoto. Hapa, na hapa tu, tia mbolea. Roweka samadi iliyooza ndani ya ndoo ya maji siku tatu, yachuje, yachanganye na maji mengine mpaka rangi iwe kama chai ya rangi iliyo hafifu, mimina mara moja kwa wiki mbili. Urea usiiguse kwa mche mdogo. Punje chache zinatosha kuunguza mizizi yote.

Majani ya chini manjano baina ya mishipa, na kingo bado zina kijani: magnesiamu. Chumvi ya Epsom ya duka la dawa, kijiko kimoja cha chai kwa lita ya maji, nyunyiza majani jioni, rudia baada ya wiki mbili.

Na majani ya chini manjano wakati udongo umelowa kila siku si njaa. Mizizi imekosa hewa. Soma panapofuata.

Umenyauka mchana

Usikimbilie kopo la maji. Nyanyua chombo. Chombo kikavu ni chepesi mpaka kinakushangaza, kilicholowa ni kizito, na baada ya wiki mbili mkono wako utajua bila kufikiri. Kikiwa chepesi, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Udongo uliokauka sana hugoma kunywa, maji yanapita pembeni tu, kwa hivyo kizamishe kwenye ndoo mpaka viputo viishe.

Kikiwa kizito na mche umenyauka, mizizi inaoza au inazama. Ngoa mche pamoja na udongo wake uutazame: mizizi mizima ni myeupe, iliyooza ni kahawia na inachubuka ngozi ukiivuta. Kata iliyooza, panda katika udongo mkavu kiasi, weka kivulini, usimwagilie siku tatu nne. Kisha toboa chombo. Ndoo na makopo tunayopandia mara nyingi yana tundu moja dogo katikati, nalo limezibwa na udongo. Toboa sita, na mengine ubavuni karibu na chini.

Ukinyauka ghafla, majani bado kijani, mizizi haijaoza, na kesho mwengine wa pembeni unafuata, kata shina karibu na chini na ulitumbukize kwenye bilauri ya maji safi. Ngoja dakika chache bila kutikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Tupa mche na udongo mbali na bustani, osha chombo na kisu kwa jiki, na katika udongo huo usipande tungule, bilingani wala mbatata (viazi ulaya).

Wadudu

Geuza jani. Kila kitu kiko chini ya jani. Vidukari vya kijani vimekusanyika kwenye ncha, na chungu wanapanda na kushuka: chungu ndio wachungaji wao, ukiwazuia chungu umemaliza nusu ya kazi. Unga kama pamba pembeni ya vikonyo ni vidung'ata, wafute kwa pamba yenye spiriti. Madoadoa madogo ya manjano na utando mwembamba ni utitiri, anapenda hewa kavu na vumbi, mwoshe kwa maji pande zote mbili za jani kila siku ya tatu. Majani machanga yamekunjika, yamekuwa magumu na kung'aa kama yamepakwa mafuta, wala huoni mdudu: huyu ni utitiri mdogo zaidi asiyeonekana kwa jicho, kata ncha zote zilizoharibika.

Kwa wote hawa, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, pamoja na mafuta ya mwarubaini kiasi hicho hicho, tikisa vizuri, nyunyiza jioni chini ya majani kila baada ya siku tano, mara tatu au nne. Jaribu kwanza jani moja na ungoje siku moja. Dawa kali za shamba usizipulize ndani ya chumba mnamolala watoto.

Nzi weupe ni habari nyengine, kwa sababu wanabeba virusi. Mche ukidumaa, majani yakajikunja juu kama vijiko na kupata madoa ya manjano yasiyo na mpango, hakuna cha kunyunyiza kitakachoutibu. Uufunge kwenye mfuko kabla ya kuutoa nje, nzi wasirukie mingine. Mvuta sigara naye anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche, kwa sababu kirusi cha tumbaku kinahamia kwenye pilipili kwa vidole.

Maua yanaanguka

Umefika mbali, usikate tamaa hapa. Mche unaoanza kutoa maua hupukutisha ya mwanzo, ni kawaida. Yakianguka wiki baada ya wiki, tazama joto: mchana juu ya nyuzi 33 na usiku usiopoa, kama ilivyo Januari na Februari, ua halishiki. Sogeza chombo penye upepo wa usiku. Ukiona mche mkubwa, kijani kibichi, majani manene na maua hakuna, samadi imezidi, acha kuitia mwezi mzima. Chombo kidogo nacho kinazuia. Mche wa kuzaa unataka lita kumi na zaidi.

Joto likiwa sawa na mche mzima, basi ni ukosefu wa mtikisiko. Ua la pilipili lina dume na jike ndani yake, halihitaji mwenzi, ila nje upepo na nyuki hulitikisa na ndani hakuna wa kufanya hivyo. Asubuhi baina ya saa tatu na saa tano, ua likiwa wazi na kavu, lipige kikonyo chake kwa ukucha, mara tatu nne, kila ua. Fanya hivyo kila siku. Baada ya siku chache petali zinanyauka na kukauka kwenye kikonyo badala ya kuanguka nacho, na ukizisogeza kwa kidole utaona chini yake kijani kidogo, ukubwa wa kichwa cha kibiriti, kimekaza.